Pisi lili yangu ilipoanza kuungua ncha, nililaumu kila kitu isipokuwa maji

Kama umewahi kupanda ngazi hadi orofa ya tano umekumbatia mmea unaokufika kifuani, majirani wakikuuliza kama umefungua hoteli, basi tunaelewana. Hiyo ilikuwa Februari, nikihamia keja mpya. Kitanda kilipanda baadaye. Ua lilitangulia.

Pisi lili hii alininunulia Mama wiki niliyojiunga na chuo, kwa wale wauzaji wa miche walio kando ya Thika Road. Ilikuwa na majani saba. Mwaka wa pili karo ilinishinda, nikaacha masomo. Ua likabaki. Tangu hapo Mama akinipigia simu hauulizi mwaka wangu wa masomo uliopotea, anauliza, “Hilo ua liko aje?” Nami najua anachouliza. Sasa fikiria mse akijibu kwamba linakufa.

Kwanza tuelewane: hii si lili. Ni ya ukoo mmoja na nduma, ile ile unayokula na chai. Unakumbuka mikono inavyowasha ukimenya nduma mbichi? Pisi lili ina fuwele zilezile ndogo kama sindano, na paka au mtoto akitafuna jani, mdomo utamwaka moto. Weka mbali nao. Na kile cheupe tunachokiita ua kwa kweli ni aina ya jani. Maua yenyewe ni vile vidoti vilivyojipanga kwenye kijiti cha katikati.

Kwao asili ni misitu ya joto ya Amerika, kama Colombia, chini ya miti mikubwa. Ukilijua hilo, nusu ya kazi umemaliza. Linapenda mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja, na unyevu bila kuogelea. Baridi halitaki, ndiyo maana Julai ya Nairobi hulifanya linune huku la binamu yangu kule Mombasa likinawiri kama limeajiriwa.

Ukubwa pia hutegemea aina. Iitwayo Sensation ndiyo jitu lao, inaweza kupita mita moja na nusu. Zile ndogo za mezani, hata uzibembeleze vipi, hazitafika huko, kwa hivyo muulize muuzaji kabla ya kutoa doo. Na usidanganywe na maua mengi unayoyaona kitaluni. Wakulima wengi huinyunyizia homoni ili ichanue kabla ya kuuzwa. Ikifika kwako inaweza kukaa miezi mingi bila ua hata moja, na huna kosa.

Yangu ilikua kwa sababu niliihamisha chungu kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, saizi moja juu tu. Ukiruka kutoka mkebe wa rangi hadi ndoo kubwa, udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji na mizizi inaoza. Udongo mwekundu peke yake hushikana kama tofali. Mimi huchanganya na mboji, maganda ya mchele na vipande vya makaa. Kumwagilia sina ratiba: nadunga kidole, pakikauka hadi kifundo cha kwanza, namwaga hadi maji yatoke chini. Ukisahau, majani yatalala chini kama mtu aliyezimia. Mpe maji, baada ya saa chache amesimama. Drama tu.

Basi huku kwa ploti mpya, mwezi wa tatu, ncha za majani zikaanza kuwa kahawia. Nikasema ni njaa. Nikachota kijiko kizima cha CAN iliyobaki kwa shamba la Mama nikaimwaga. Usijaribu. Mbolea ikizidi huunguza mizizi na ncha, na wiki mbili baadaye nilikuwa nimepoteza majani sita. Nikalaumu dirisha. Linatazama kusini, na hapa kwetu karibu na ikweta jua hupiga upande wa kusini Oktoba hadi Februari, kisha linahamia kaskazini. Lakini tulikuwa Mei. Dirisha halikuwa na hatia.

Nilirudi kwa muuzaji wa miche na picha kwa simu. Hakuziangalia sana. Aliuliza, “Unampa maji gani, kijana?”

Ploti yetu hutumia maji ya kisima. Visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, kwingine kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo hiyo huwapa watu wa Nakuru meno ya kahawia. Kwa pisi lili, floraidi na chumvi hujikusanya kwenye ncha za majani. Na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Nikaanza kukinga mvua kwa beseni kwenye balkoni. Mvua ikikatika nanunua mtungi wa lita 20 wa maji ya mfereji. Nilimwaga maji hayo safi mengi kwenye chungu yapite hadi chini, mara tatu, kuosha chumvi. Ncha zilizoungua hazirudi kijani, nilizikata kwa mkasi.

Kuhusu ile stori ya kusafisha hewa: NASA walifanya utafiti mwaka 1989, lakini kwenye visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha ungehitaji angalau mimea kumi kwa kila mita mraba kushinda hewa ya dirisha lililo wazi. Bedsita yangu ingekuwa Karura. Fungua tu dirisha.

Agosti jani jipya lilijifungua, kijani hadi nchani. Nilimtumia Mama picha. Akapiga papo hapo, hakuuliza ua liko aje. Aliuliza kama nimekula, kisha akasema anataka kipande Desemba. Nitaling'oa, niligawe kwa kisu penye mashina yanayoachana, kila upande na mizizi yake. Swali ni matatu gani itakubali kulibeba.