Masafa mafupi hayajafa, yamehama tu

Mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, vituo vya redio vinavyotangaza kwa masafa mafupi huhama. Hapa Machakos huwezi kuona dalili yoyote. Saa za ukutani hazisogezwi, matatu za Nairobi zinajaza abiria kama kawaida, na Musyi FM iko palepale ilipokuwa jana. Lakini msikilizaji aliyezoea kufuatilia matangazo ya ng'ambo saa mbili usiku anawasha redio, anapeleka mshale mahali pa siku zote, na anakuta mvumo mtupu. Anajaribu siku tatu, siku nne. Mwisho anaamua kwamba kituo kimefungwa, anarudisha swichi kwenye FM na hageuki nyuma tena.

Wengi wamepotea hivyo. Fundi mmoja karibu na steji ya matatu hapa mjini, kijana hodari kweli, aliniuliza nilipompelekea redio yangu: "Mzee, hii SW nikikutengenezea utasikiliza nini? Siku hizi haina kitu." Simlaumu. Amekua wakati ambapo stesheni za FM zimebanana kwenye redio na hakuna aliyemfundisha kwamba upande wa pili wa swichi bado kuna watu wanaozungumza. Ninachoshikilia ni kwamba matangazo yapo. Kilichopotea ni ratiba, na ratiba hiyo sasa inapatikana bure kwa yeyote mwenye kompyuta nyumbani, hata ile kuukuu iliyoachwa na mtoto aliyemaliza chuo.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, Kenya ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari. BBC ikafuata Juni 27, 1957, Beijing mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Deutsche Welle mwaka 1963. Katika miaka tisa tu, karibu kila dola kubwa iliyotaka kusikika Afrika Mashariki ilikuwa imewaajiri watangazaji wa Kiswahili. Redio ya mbao ikikaa sebuleni, mawe ya betri yakiisha nguvu yanaanikwa juu ya mabati yapate jua, na wazee wa jirani wanakuja na viti vyao jioni. Agosti 1, 1982, wanajeshi walipoiteka redio ya taifa, Sauti ya Kenya, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa, waliotaka kujua ukweli walipeleka mshale London.

Ratiba wakati huo ilikuja kwa posta. Ukiandikia kituo barua, unaletewa kikaratasi chenye saa na mita, pengine pamoja na kalenda. Kitabu kikubwa cha wapenzi wa redio duniani, World Radio TV Handbook, kimekuwa kikichapishwa tangu 1947, lakini bei yake haikuwa ya mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi wa Kangundo au Mwala. Kwa hiyo tulitegemea kumbukumbu na kuambizana.

Kisha vituo vikaanza kupungua. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba Kiswahili kitaondolewa kwenye masafa mafupi kufikia Machi mwaka huo. Machi 2015 Deutsche Welle ilifunga mitambo yake ya Kigali, iliyokuwa imesimama tangu 1965 na iliyosikika hapa kwetu kana kwamba iko Athi River. Kila mlango uliofungwa uliwaaminisha watu kwamba nyumba nzima ni tupu.

Si tupu. Vituo vilivyobaki bado vinapaswa kugawana anga bila kukanyagana, na kazi hiyo inaratibiwa na shirika linaloitwa HFCC, lenye makao yake Prague. Mara mbili kwa mwaka wahusika hulinganisha masafa, saa, nguvu za mitambo na maeneo wanayoyalenga. Msimu unaoanza Machi hupewa herufi A, ule wa Oktoba herufi B, kisha tarakimu mbili za mwaka. A24 ni msimu wa Machi 2024, B24 ni wa Oktoba 2024. Ukishazielewa herufi hizo, umeshika ufunguo.

Orodha ninayoitumia mimi ni ya EiBi, inayotolewa bure kutoka Ujerumani. Ni faili la maandishi, jepesi kuliko picha moja ya simu, na ndani yake kuna maelfu ya mistari. Kila mstari ni tangazo moja: masafa kwa kilohezi, saa ya kuanza na kumaliza, siku, nchi yenye kituo, jina la kituo, lugha, eneo linalolengwa na alama ya mahali mtambo ulipo. Unalifungua kwa programu yoyote ya majedwali. Natumia LibreOffice kwa sababu hailipiwi na haisumbui kompyuta nzee.

Hapo ndipo raha inapoanza. Weka chujio kwenye safu ya lugha, chagua herufi SWA, na maelfu ya mistari yanapukutika mpaka yanabaki ya Kiswahili peke yake. Katika misimu ya karibuni nimekuta humo redio ya China, NHK ya Japani, Redio Vatikani, na TWR inayorusha kutoka Eswatini. Tazama pia safu ya mtambo, maana inafundisha jiografia ya ajabu. Kituo cha Tokyo kinaweza kukodi mtambo Madagaska ili kimfikie msikilizaji wa Masii. Ukiondoa chujio la lugha na kuweka la eneo, EAf kwa Afrika Mashariki, unaongeza Kisomali, Kiamhari, Kifaransa na Kiingereza.

Kikwazo cha wengi ni saa. Orodha zote duniani huandikwa kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Mtu anaongeza tatu, anapata saa ya Kizungu, kisha anaondoa sita apate ya Kiswahili, na katikati anachanganyikiwa. Kuna njia fupi ambayo sisi tumejaliwa: ondoa tatu tu. Orodha ikisema 1700, toa tatu ubaki na kumi na nne, ambayo, ukitoa kumi na mbili za mchana, ni saa mbili usiku. Ikisema 0400, ni saa moja asubuhi. Ikisema 1800, ni saa tatu usiku. Kompyuta inaweza kuifanya hesabu hiyo kwa faili zima mara moja. Ongeza safu mpya, andika kanuni ya kutoa tatu, na ratiba ya dunia nzima inasoma saa kama bibi yako anavyosoma. Angalizo moja: kuanzia 2100 ya kimataifa, Machakos ni saa sita ya usiku na kalenda imeshageuka. Kipindi kilichoandikwa Jumatatu saa 2200 utakisikia saa saba ya usiku wa kuamkia Jumanne, wakati saa ya simu yako imeshaandika siku nyingine.

Orodha inakuambia nani anatangaza. Haikuambii kama utamsikia. Mawimbi haya hupanda hadi tabaka za juu za anga zilizochajiwa na jua, yanapinda na kurudi ardhini mbali sana. Mchana tabaka la chini humeza masafa madogo, kwa hiyo tafuta masafa makubwa, yale ya mita 16 na 13. Jua likizama nyuma ya milima ya Mua, tabaka hilo linayeyuka, na mita 31, 41 na 49 zinafunguka. Hali ya jua lenyewe ina uzito wake. Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefikia kilele cha mzunguko wake wa miaka takriban 11. Linavyotulia, masafa ya juu huwa ya kubahatisha zaidi na mzigo unarudi masafa ya chini.

Haya nayo kompyuta inayajua. Kuna programu ya bure iitwayo VOACAP, iliyoundwa awali kwa ajili ya Sauti ya Amerika ili ijue matangazo yake yatafika wapi. Unaipa mahali mtambo ulipo, mahali ulipo wewe, mwezi na nguvu ya mtambo, nayo inakuchorea saa ambazo njia itafunguka. Ilinisaidia kuelewa jambo lililonisumbua miaka mingi kuhusu Zanzibar. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilijulikana na wapenzi wa redio duniani kwa masafa yake ya kilohezi 11735, kutoka mitambo ya Dole. Wasikilizaji wa Ulaya na Amerika waliifuatilia kwa taarab na taarifa zake. Mimi niliye umbali wa kilomita mia tano na kitu nilikuwa nikiipata siku mbili, nikiikosa tatu. Mawimbi yanayopinda angani huwaruka walio karibu na kuwashukia walio mbali, na mchoro wa VOACAP ulinionyesha Machakos iko ukingoni mwa eneo linalorukwa.

Sasa jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kompyuta hiyohiyo inayokupa ratiba ndiyo adui wa kwanza wa redio yako. Weka redio mita 31, kituo dhaifu kikiwa kinasikika, kisha chomeka chaja ya laptopu ukutani. Mlio mkali kama mzinga wa nyuki uliochokozwa unafunika kila kitu. Chomoa, sauti inarudi. Balbu za LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo, na taa ya jirani pia. Dawa ni nyepesi: tumia laptopu kwa betri, soma ratiba, ifunge, kisha toka na redio barazani. Mimi nimepitisha waya mwembamba wa shaba wa mita kama kumi na tano kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, ncha yake nikaibana kwenye antena ya redio. Waya huo umenipa zaidi ya ambavyo redio ya bei kali ingenipa.

Ratiba pia hukosea, na si kwa uzembe wa waandishi wake. Machi 14, 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia Sauti ya Amerika. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 walipewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Msimu wa B24 ulikuwa umebakiza wiki mbili, hadi Machi 30, kwa hiyo orodha iliendelea kuonyesha mistari ya kituo ambacho hakikuwa hewani tena. Kiswahili kilichokuwa kikitoka Washington tangu 1962 kilinyamaza, na kwenye kompyuta yangu saa zake zilikuwa bado zimesimama pale, kilohezi kwa kilohezi.

Ndiyo maana nimeongeza safu nyingine mbili kwenye jedwali: tarehe niliyosikiliza, na tarakimu tano za SINPO, kipimo kinachotumiwa duniani kueleza nguvu ya mawimbi, mwingiliano, kelele, hali ya anga na ubora kwa jumla. 55555 ni safi kabisa, 21221 ni mateso. Baada ya msimu mzima, jedwali hilo linakuwa ratiba ya Machakos hasa, inayosema ni nini kinafika kwenye mwembe huu na saa ngapi. Vituo vingi hushukuru ripoti kama hizo na hujibu kwa kadi, kwa sababu mhandisi aliye Beijing au Roma hana njia nyingine ya kujua Ukambani panasikika nini. Wanaotuma ripoti kutoka Afrika Mashariki ni wachache mno. Natamani walimu wa fizikia wa shule zetu walifanye zoezi hili na wanafunzi wao, maana ndani yake kuna mawimbi, jua, hesabu na ramani kwa pamoja.

Kuna atakayeuliza kwa nini nijisumbue, na habari zote ziko kwenye simu. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Juni 25 mwaka huohuo, waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya, intaneti ilizorota nchini kote. Uganda iliizima kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikaingia gizani siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025. Mtambo wa masafa mafupi uko nje ya mipaka, na hakuna ofisi Nairobi wala Dodoma yenye swichi yake. BBC yenyewe, baada ya kupunguza kwa miaka, ilirudi kwenye masafa mafupi kwa ajili ya Ukraine Machi 2022 na kwa ajili ya Sudan Mei 2023, pale ambapo njia nyingine zilikuwa zimefungika.

Lakini siku intaneti itakapozimwa, huwezi kuipakua ratiba. Hilo lifanyike mapema. Karibu na Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ukiwa na bando, pakua faili la msimu mpya, lihifadhi kwa herufi na mwaka wake, chuja mistari ya Kiswahili, geuza saa, kisha uzichapishe kurasa hizo chache na kuzibandika ukutani karibu na redio, kwa sababu umeme nao hukatika.