Thrombini: kimeng'enya kinachogandisha damu na kuamrisha seli

Thrombini ni kimeng'enya cha damu ambacho kazi yake ni kukata protini nyingine. Haizunguki mwilini ikiwa tayari. Ini hutengeneza kitangulizi chake, prothrombini, kwa msaada wa vitamini K inayopatikana kwenye mboga za majani kama mchicha na kisamvu. Kitangulizi hicho husafiri ndani ya damu kikiwa kimelala, hadi mshipa ujeruhiwe.

Mtu anafua nazi huko Waa, Kwale, mkono unateleza, ncha ya kifuo inamchana kidole. Damu inagusana na protini ya tishu iliyokuwa imefichika nyuma ya ukuta wa mshipa, na hapo vimeng'enya vinaanza kuamshana, kimoja baada ya kingine, mpaka prothrombini inakatwa na kuwa thrombini. Thrombini nayo hukata fibrinojeni iliyoyeyuka katika damu, ikageuka kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo hujisuka kama wavu, zikanasa chembe nyekundu, na donge likaziba jeraha.

Kazi hiyo ya kugandisha damu imejulikana tangu karne ya 19. Lililochelewa kueleweka ni jinsi thrombini inavyosema na seli zenyewe. Homoni nyingi huingia kwenye vipokezi vyake kama ufunguo katika kufuli, kisha hutoka. Kimeng'enya hukata, je, kukata kunawezaje kuwa ujumbe? Jibu lilipatikana mwaka 1991, pale kundi la mtafiti Shaun Coughlin wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilipotambua kipokezi kinachoitwa PAR1.

Kipokezi hiki kimepenya utando wa seli mara 7, na mkia wake mmoja unaning'inia nje. Thrombini hushika mkia huo na kuukata kati ya asidi amino ya 41 na ya 42. Kipande cha mbele hudondoka. Ncha mpya inayobaki, ingali imeshikamana na kipokezi, hujikunja na kujichomeka katika kipokezi hichohicho. Yaani kipokezi kimebeba ufunguo wake chenyewe, na thrombini huufunua tu. Kwa kuwa mkia uliokatwa haurudi, kila kipokezi hutumika mara moja. Kisha seli hukivuta ndani na kukivunjavunja.

Vipokezi vya jamii hii ni vinne, na thrombini hukata vitatu: PAR1, PAR3 na PAR4. Chembe sahani za binadamu, zile zinazokimbilia jeraha kwanza, hutumia PAR1 na PAR4. PAR1 huitika upesi hata thrombini ikiwa kidogo. PAR4 hungoja iwe nyingi, lakini mwitiko wake hudumu zaidi. Chembe sahani iliyoamrishwa huacha umbo lake la kisahani, huota miiba, hushikana na wenzake na kumwaga kemikali zinazoita nyingine.

Seli zinazotandika ndani ya mishipa nazo huipata amri. Hujikunyata, nafasi zikafunguka kati yao, na majimaji ya damu yakavujia kwenye tishu. Ndiyo sababu mojawapo ya kidole kilichochanika kuvimba. Huweka pia nje protini zinazonasa chembe nyeupe ili zipambane na vijidudu. Baadaye seli za misuli ya mshipa na za tishu unganishi huchochewa kuongezeka na kukarabati palipoharibika.

Nguvu kama hiyo lazima iwe na breki, na breki yenyewe inaishughulisha thrombini hiyohiyo. Kwenye ukuta wa mshipa mzima kuna protini iitwayo thrombomodulini. Thrombini ikishikwa nayo, huacha kugandisha damu na badala yake huamsha protini C, ambayo imeshikiliwa na kipokezi chake, EPCR. Protini C iliyoamshwa huzima mlolongo wa kuganda. Kisha hukata PAR1 mahali pengine, baada ya asidi amino ya 46, na amri inayotoka ni kinyume: seli hushikana vizuri na uvujaji hupungua. Kipokezi ni kilekile. Hatua tano tu za asidi amino hutenganisha amri ya kuvimba na amri ya kutulia.

Kwa watu wa Kwale na pwani nzima, jambo hili linahusu malaria. Vimelea vya Plasmodium falciparum huvika chembe nyekundu protini ya kunata, nazo hung'ang'ania kuta za mishipa midogo. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania walionyesha kwamba vile vya malaria kali hunata hasa kwenye EPCR. Mwaka huohuo, uchunguzi wa watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo nchini Malawi ulionyesha kuwa EPCR na thrombomodulini zilikuwa zimepungua palipokuwa na vimelea ubongoni, kiungo ambacho hata kwa kawaida kina kiasi kidogo cha breki hizo. Breki ikilegea, thrombini huzidi, na PAR1 hutoa amri ya kuvuja. Maelezo haya yanalingana na hali ya mtoto mwenye degedege na fahamu zilizopotea: mishipa imeziba, ubongo umevimba.

Dawa za kuizuia thrombini zipo. Heparini na dabigatran huizuia yenyewe. Vorapaxar, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa wagonjwa wa moyo, huziba PAR1. Zote zina hatari ya kumtoa mtu damu, na heparini haipendekezwi kwa malaria kali. Tiba ya malaria hiyo huanzia kwenye chanzo. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwamo, ulionyesha kuwa sindano ya artesunate ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini hadi 8.5. Artesunate huua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla havijapata kunata mishipani, na ndiyo maana mtoto mwenye homa hufikishwa zahanati mapema, asingojwe hadi degedege limpate.