Je, Wajua? Mji Unaofurika Watu Kila Msimu

Zermatt, mji mdogo wa Uswisi chini ya mlima Matterhorn, una wakazi wasiofika 6,000. Msimu wa theluji ukipamba moto, waliomo mjini huzidi 30,000!

• Zaidi ya robo ya wakazi ni raia wa kigeni. Wareno ndio wengi zaidi: wanatandika vitanda hotelini, wanapika, wanajenga.

• Magari ya petroli ya wageni hayaingii. Huachwa katika kijiji jirani cha Täsch, wenyewe wakapanda treni kwa dakika 12 hivi. Mjini hupita vigari vya umeme.

• Katikati ya karne ya 19, wakazi walikuwa mamia machache tu, wakulima na wafugaji. Mwaka 1865 Matterhorn ulipandwa mara ya kwanza. Reli ikafika 1891.