Hati za Utegemezi katika Vifurushi vya Programu

Programu za kompyuta hugawanywa katika vifurushi, na kifurushi kimoja aghalabu huazima kazi za kingine. Kwa hiyo kila kifurushi hufuatana na hati ivitajayo vile kinavyovitegemea. Hati hiyo ikiandikwa kwa mkono na jina moja likasahauliwa, programu hukataa kwenda katika kompyuta ya mtu mwingine, ingawa kwa mtungaji wake yaenda vyema.

Katika Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, kazi hii hufanywa na programu iitwayo dpkg-shlibdeps. Haimwulizi mtungaji neno. Huisoma programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Humo mna orodha ya maktaba zitakiwazo na majina ya kazi zinazoazimwa. Maktaba nayo yaweza kuwa na daftari lionyeshalo kila jina liliingia katika toleo gani. Mashine hulinganisha, hushika toleo la juu kabisa miongoni mwa majina yaliyotumika, na hilo huandikwa kuwa ndilo la chini linalokubalika.

Mtu asingeweza kuyakisia haya yote. Katika toleo 2.34 la maktaba ya glibc, lililotoka mwaka 2021, jina __libc_start_main, liamshalo programu za C, lilipewa alama mpya. Tangu hapo hata programu ndogo ya kutoa salamu, ikijengwa juu ya toleo hilo, hudai lisilopungua 2.34, na mtungaji wake hakuliandika jina hilo popote!

Lakini mashine husoma kilichoorodheshwa tu. Programu ikiita maktaba kwa jina wakati inapokwenda, au ikiamuru programu nyingine ifanye kazi, dalili haimo katika orodha, na hapo hapana budi mtu aongeze mwenyewe. Tena ni mtu aamuaye daraja ya haja. Daraja kubwa ni tatu, nami naona yafaa tuziite tegemeo, pendekezo na dokezo. Wako wapendao "hitaji" kwa ile ya kwanza, lakini hitaji laweza kungoja, na tegemeo halingoji: lisipokuwapo, kifurushi hakisakinishwi kamwe. Pendekezo huja pamoja na kifurushi ila mtumiaji akikataa. Dokezo huachwa mpaka aliitishe.