Therapisti wa Kitabu Chako Alisomea Nini? Pata Rada Kabla Ujipime na PDF

Ni Jumapili usiku, uko kwa bedsita yako, na mtu wako hajajibu text siku tatu. Beshte anakurushia PDF kwa WhatsApp: "Manze soma hii, itakuamsha." Kufika saa sita usiku ushajipima, ushampima ex, na mzazi wako pia ushamwekea ugonjwa. Hujauliza kitu moja tu: huyu msee aliyeandika hiki kitabu alisomea nini, na amezoea kutibu watu gani?

Hilo swali si la kujifanya msomi. Kitabu cha therapi ni kama dawa ya kemisti. Inaweza kuwa poa kabisa, lakini kama ni ya malaria na wewe uko na typhoid, utaimeza yote na ubaki mgonjwa.

Kazi tatu, jina moja

Mtaani tunaita kila mtu "therapisti", lakini hapa Kenya kuna angalau kazi tatu tofauti.

Wa kwanza ni daktari wa magonjwa ya akili. Huyu alisomea udaktari wa kawaida kwanza, ule wa miaka kama 6, akafanya internship, kisha akarudi shule kusomea akili. Anaweza kukuandikia dawa.

Wa pili ni mwanasaikolojia wa kliniki. Amesomea vile akili na tabia zinafanya kazi, anajua kupima shida na kutibu kwa mazungumzo. Dawa haandiki.

Wa tatu ni mshauri, wale wa counselling. Wengine wamebobea kwa ndoa na familia, wengine kwa pombe na dawa za kulevya, wengine kwa watu waliofiwa.

Wote watatu wanaandika vitabu. Na kila mmoja anaandika kuhusu watu waliopita kwa mlango wake. Ukijua ni kina nani walipita hapo, utajua kama hicho kitabu ni chako.

Wacha tuwaangalie wenyewe

Anza na Frantz Fanon. Unamjua juu watu humnukuu online kila maandamano yakianza. Kile wengi hawajui ni kwamba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Alizaliwa Martinique, akasomea Ufaransa, na mwaka wa 1953 akaanza kazi kwa hospitali ya akili ya Blida, Algeria. Vita vya uhuru vilipochacha, mbele yake walikaa watu walioteswa, na hata polisi waliokuwa wanawatesa. The Wretched of the Earth kilitoka 1961, mwaka uleule alioaga akiwa na miaka 36. Ukifungua sura ya mwisho kabla ya hitimisho, utapata visa vya wagonjwa wake. Hizo siasa zake zote zilipitia kwa wodi.

Viktor Frankl naye alikuwa daktari wa akili na neva huko Vienna. Kabla ya vita alikuwa ashaanzisha vituo vya ushauri kwa vijana, na alifanya kazi hospitalini na wanawake waliokuwa wamejaribu kujiua. Kisha Wanazi wakamtupa kambini, Auschwitz ikiwemo. Man's Search for Meaning kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1946. Swali lake ni moja: mtu akipokonywa kila kitu, anaishi kwa nini? Ukiwa umetarmac mpaka huoni maana ya kuamka asubuhi, huyu ni wako. Ukitaka tips za kuomoka, umekosea mlango.

Bessel van der Kolk ndiye aliyeandika The Body Keeps the Score, mwaka wa 2014. Yeye pia ni daktari wa akili, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwahudumia wanajeshi waliotoka vita vya Vietnam, baadaye pia watoto na watu wazima waliodhulumiwa. Akisema "trauma", anaongea kuhusu mwili ambao bado unaruka kila mlango ukigongwa, miaka mingi baada ya hatari kuisha. Ex akikublue-tick inauma, hakuna anayekataa, lakini si hiyo alikuwa anaongelea. Na kama wewe ni mtu wa hiyo trauma halisi, soma pole pole, juu visa vyake vinaweza kukuamshia yako.

Esther Perel ni stori tofauti. Alizaliwa Ubelgiji, wazazi wake walinusurika kambi za Wanazi, na yeye ni therapisti wa wapenzi huko New York. Kabla awe maarufu alifanya kazi sana na familia za tamaduni mchanganyiko. Mating in Captivity, cha 2006, kinauliza mbona moto huzima kwa watu ambao bado wanapendana. Sasa cheki hapa: kama mtu wako anakuchapa, shida yako si moto kuzima. Usitumie kitabu cha mapenzi kujishawishi ubaki. Hapo unahitaji usalama kwanza.

David Burns, daktari wa akili wa Marekani, aliandika Feeling Good mwaka wa 1980. Njia anayotumia ilitoka kwa Aaron Beck: unakamata wazo kama "mimi ni bure kabisa", unaliandika, kisha unalihoji kama polisi. Kitabu chake kina mazoezi. Ukikisoma bila kalamu, ni kama kulipia gym halafu ukae kwa bench.

Halafu kuna Lori Gottlieb. Alifanya kazi ya televisheni, akaingia shule ya udaktari, akaacha, akawa mwandishi, ndipo akasomea therapi. Maybe You Should Talk to Someone, cha 2019, kinaonyesha therapisti mwenyewe akienda therapi baada ya kuachwa. Hicho hakikupi tiba, kinakupunguzia uoga wa kuingia kwa hicho chumba.

Kitabu hakikujui

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyebobea kwa therapi ya vikundi, aliandika Love's Executioner mwaka wa 1989. Ni visa 10 vya wagonjwa wake. Walikubali kuandikwa, na alibadilisha mambo yao ili wasijulikane. Kwa hivyo unaposoma na kusema "huyu ni mimi kabisa", kumbuka huyo si wewe. Ni mtu mwingine, amefichwa kidogo, aliyekaa na daktari wake wiki baada ya wiki. Wewe hakuna aliyekuuliza swali hata moja.

Hapo ndipo watu huumia. Kama hulali wiki kadhaa, chakula hakishuki, kazi au shule imekushinda, unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, ama unawaza kujiua, weka PDF chini. Hiyo ni ya kuonana na mtu, na pengine ni ya dawa. Simu ya bure ya Red Cross Kenya ni 1199. Mathari iko hapo Thika Road, na hospitali kubwa za kaunti pia zinahudumia afya ya akili.

Kabla ulipe ama uamini

Uliza maswali matatu. Alisomea nini, na wapi? Ametibu watu wenye shida gani? Na amesajiliwa na nani? Hapa Kenya madaktari husajiliwa na KMPDC, na washauri na wanasaikolojia wana sheria yao ya 2014. Mtu wa klipu anayesema ni "coach wa trauma" na hawezi kujibu hayo matatu, mwache aendelee na views zake.

Najua unachofikiria: doo ya therapi itatoka wapi? Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alipoteza mgonjwa msichana ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumleta hospitalini. Baada ya hapo, mwaka wa 2006, akaanza kufunza kina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki. Ameandika kitabu kuhusu hiyo safari.

Kwa hivyo beshte akikutumia PDF tena usiku, mshukuru. Kisha mpigie simu umwambie vile uko kwa ukweli. Kama mambo ni mazito, mwombe akusindikize kliniki kesho asubuhi.