Wageni wa Agosti Huko Mida

Akina mama, mwezi wa Agosti maji yanapokupwa katika hori ya Mida, karibu na Watamu, tuwapeleke watoto wakawaone wageni. Vitwitwi wamefika, wengine wakiwa bado na manyoya mekundu ya msimu wa kuzaa.

Aina moja, yenye mdomo uliopinda kidogo, hutoka kaskazini kabisa ya Siberia. Huko jike huatamia na kulea peke yake, kisha huondoka mbele ya watoto wake. Makinda hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaonyesha njia, nao hufika! Sisi tuliokwisha kumsindikiza mtoto kituo cha basi twaujua moyo huo.

Wanapofika wamechoka. Wakifukuzwa topeni wanapotafuta minyoo, hupoteza nguvu. Basi tuwakataze wanetu kuwarushia mawe. Na faida tunaiona: ada ya wageni wanaopita daraja la mbao la Mida imesaidia karo za sekondari za watoto wa jirani, kupitia shirika la Kikristo la A Rocha Kenya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.