Sanduku la umeme la kanisa lisikae juani

Makanisa yetu mengi sasa yana lile sanduku la umeme la kubebeka: batri, matundu ya kuchomeka nyaya na feni ndogo, vyote katika kasha moja. Linachajiwa kwa paneli ya jua, na Jumapili linaendesha vipaza sauti na kinanda. Akina mama wametoa sadaka miezi mingi ili lipatikane. Likifa mapema, inauma.

La kwetu hapa Uvira nililiua mimi mwenyewe. Nilikuwa naliacha juani pamoja na paneli yake, nikidhani jua ndilo chakula chake. Kumbe jua ni chakula cha paneli tu. Likaanza kuzimika katikati ya mahubiri, na baada ya miaka miwili halikuweza kumaliza ibada moja.

Batri hizi ni za lithiamu, na joto huzichakaza. Kwa makadirio, kila joto likipanda nyuzi 10, uchakavu huenda karibu mara mbili. Mengi ya masanduku haya yanakubali kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 40 au 45. Ndani ya gari lililofungwa juani kiwango hicho kinapitwa haraka. Sanduku likizimika lenyewe kwa joto, linajilinda. Lipelekeni kivulini, lipoe polepole, bila kulimwagia maji. Paneli ibaki juani, waya mrefu uingie ndani, sanduku likae penye hewa. Na tafadhali, msilifunike kitenge ili lipendeze. Feni yake inahitaji kupumua.

Ndugu wa Minembwe na wa milima ya Lubero wao wanahofia baridi. Baridi inayoua batri ya lithiamu ni kuichaji chini ya nyuzi 0, na hali hiyo iko kwenye vilele vya Ruwenzori, si makanisani mwetu. Asubuhi ya baridi umeme unaweza kupungua kidogo, basi. Mimi ningeogopa zaidi unyevu: sanduku lililolala kwenye baridi likiingizwa katika chumba chenye joto na watu wengi, linatoka jasho. Lisubiri saa moja au mbili kabla ya kuwashwa.

Likikaa wiki nyingi bila kazi, liachwe na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu.

Lililovimba, linalotoa harufu ya dawa au lililoingia maji lisichajiwe tena. Likitoa moshi, watu watoke kwanza, vyombo baadaye. Mlinzi wetu alikuwa analala kando ya sanduku jipya usiku umeme wa mji unaporudi, likichajiwa, mlango na madirisha vimefungwa kwa kuogopa wezi. Wazee wa kanisa wamekubali tulitengenezee kizimba cha vyuma barazani, penye kivuli, naye alale chumba cha pili.